Biskuti ya Taifa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wakuu wake wanasema hilo ni kosa la ramani. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina ndege moja ambayo iko kwenye matengenezo, na ina wimbo mrefu kiasi kwamba mabalozi huruhusiwa kukaa chini katikati. Mimi nilikuwa mtangazaji wa Sauti ya Nchi, redio pekee inayosikika huko, na kazi yangu ilikuwa kumfuata Waziri mmoja kila aendako na kumshikia maikrofoni. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona, na mengi niliyarusha hewani mwenyewe.

Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Daktari Kasimiri Ndulute, wa Wizara ya Watoto, Sukari na Maendeleo ya Fikra. Msomaji asishangae sukari imeingiaje hapo katikati. Zamani ilikuwa na wizara yake yenyewe, ikakosa ofisi, ikahamia kwa watoto.

Ndulute alipoteuliwa alikuta watoto wa shule wanakula chakula kilichopikwa na wazazi wao, kila shule na chake: huku uji wa ulezi, kule viazi vitamu na maziwa ya mgando, kwingine kande zenye karanga. Jambo hilo lilimuumiza sana.

"Taifa moja," alisema, nami nikiwa nimemwekea maikrofoni kidevuni, "haliwezi kuendelea kuwa na matumbo yenye mawazo tofauti!"

Tukapiga makofi. Akapiga marufuku masufuria shuleni, akaleta Biskuti ya Taifa.

Ilikuwa biskuti ya rangi ya waridi, duara, yenye picha ya Waziri akitabasamu. Watoto walipenda kuanza na masikio. Ilikwenda pamoja na chupa ya Sharubati ya Umoja, nyekundu kama taa ya breki. Haikuwa na tunda ndani, lakini kwenye chupa palichorwa embe, na wataalamu wa Wizara walithibitisha kwamba embe lilichorwa vizuri. Kiwanda kilikuwa cha shemeji yake Waziri. Hilo lilitokea kwa bahati tu, maana zabuni ilitangazwa kwa uwazi kabisa, sebuleni kwa dada yake.

Ili kuhakikisha hakuna mtoto anayekosa lishe, ukaanzishwa ukaguzi wa ndimi. Kila asubuhi mwalimu wa zamu alipita mstarini na kuamuru, "Toa!" na mtoto akatoa ulimi. Ulimi mwekundu ulihesabiwa kuwa ni mtoto aliyeshiba. Kwa kipimo hicho, utapiamlo ulikwisha nchini mapema kuliko ilivyotarajiwa.

*

Shule ninayotaka kuizungumzia iko Kitopeni, nje kidogo ya mji mkuu, ng'ambo ya machinjio. Mwalimu mkuu wake aliitwa Sikujua Ngwale, jina alilopewa na bibi yake kwa sababu za kifamilia ambazo hazituhusu. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakuwahi kufoka.

Tangu biskuti iingie, Mwalimu Sikujua alikuwa akiona mambo. Watoto walikula, wakanywa, wakatoa ndimi, wakaingia darasani, na muda si mrefu wakawa kama nyuki waliochokozwa. Huyu yuko juu ya dawati, yule anaparamia dirisha, wengine wanakimbizana na rula huku aliyefukuza na aliyefukuzwa wote wameshasahau sababu. Mwalimu wa hisabati alijifunza kuandika ubaoni bila kuligeuzia darasa mgongo, kipaji ambacho hakikumletea cheo chochote. Halafu, kama umeme umekatika, kimya. Jua halijafika utosini, na darasa zima limelala, midomo wazi, ndimi nyekundu nje.

Katika hao alikuwemo Semeni, binti wa darasa la nne. Kabla ya biskuti, Semeni alikuwa mtoto wa kuchosha kwa maswali: kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini samaki halowani, nani alimfundisha mwalimu wa kwanza. Sasa ukimuuliza sita mara saba alikutazama kana kwamba umemtukania mama yake, kisha machozi. Siku moja alimng'ata begani rafiki yake kipenzi kwa ajili ya kifutio, na akalia kuliko yule aliyeng'atwa.

Mama yake, muuza mkaa wa pale pale Kitopeni, alikuja shuleni akiwa bado na vumbi la mkaa mikononi.

"Mwalimu, niambie ukweli, usinifiche. Mtoto wangu ana kichwa kizito?"

"Hana kichwa kizito, Mama Semeni. Ana tumbo jepesi."

"Lakini anakula! Kila siku anarudi ulimi mwekundu."

"Anakula rangi, mama."

Mama Semeni alijifuta mikono kwenye kanga. "Nyumbani jioni tunajitahidi," alisema. "Lakini mchana niko gengeni na mkaa wangu. Nilijua serikali inamlisha."

"Hata mimi nilijua hivyo," alisema mwalimu.

*

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, Wizara iliyaeleza kuwa ni mazuri sana kwa upande wa mahudhurio. Hata hivyo, kwa kuwa kuna magazeti, ikaundwa Tume ya Kuchunguza Usingizi wa Wanafunzi. Mwenyekiti wake alikuwa mtaalamu wa barabara, aliyechaguliwa kwa sababu katika kazi yake alikuwa ameona madereva wengi wakisinzia.

Tume ilifanya kazi kwa bidii katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Iliwahoji wataalamu wa hali ya hewa, maseremala wa madawati, na mganga mmoja wa usingizi ambaye alilala wakati wa mahojiano. Suala la chakula halikuguswa, kwani halikuwemo katika hadidu za rejea. Hatimaye ikaja na taarifa, na Waziri akaisoma hewani kwa sauti ya mtu anayetangaza uhuru.

"Ndugu wananchi! Tumegundua kwamba ubao wa darasani ni mweusi. Nyeusi ni rangi ya usiku. Na usiku, kama sayansi inavyotufundisha, watu hulala!"

Mbao zote zikaamriwa kupakwa rangi ya njano, na chaki zilizokuwapo ghalani zilikuwa za njano vilevile. Kila shule ikapelekewa Afisa Mwamshaji, mwenye sare, filimbi, na unyoya wa kuku wa kutekenya masikio. Kitopeni walipata Mwamshaji kijana mwenye bidii, aliyepuliza filimbi mpaka akapata kizunguzungu, akalazwa juu ya dawati, pembeni ya watoto.

Pendekezo la mwisho Waziri alilisoma haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Mwanafunzi yeyote atakayekutwa bado analala darasani mwishoni mwa mwaka atafutwa shule, ili kupandisha kiwango cha ufaulu kwa watakaobaki.

Kitopeni, majina ya watakaofutwa yalibandikwa mlangoni mwa ofisi. Semeni alikuwemo. Mama yake alipoyaona hakulia. Alimwuliza tu Mwalimu Sikujua kama anamfahamu mtu mjini anayetafuta mfanyakazi wa ndani, mtoto, mtiifu, anayelala mapema.

"Nipe muhula huu mmoja," alisema mwalimu. "Usimpeleke popote. Nipe muhula huu tu."

*

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Sikujua alivunja sheria. Aliwakusanya akina mama wa Kitopeni, wakatoa masufuria yao ya shughuli, yale makubwa ya misiba na harusi, wakayainjika nyuma ya ghala la shule. Asubuhi walipika uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa. Mchana, ugali na kunde, matembele yaliyotiwa nazi, dagaa pale walipopatikana, na kipande cha papai. Kila mama alileta alichonacho. Mama Semeni alileta mkaa.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba ilikuwa kama muujiza. Siku za mwanzo watoto waliukataa uji, wakalilia sharubati, wengine wakaumwa kichwa na kugombana zaidi ya kawaida. Mtoto mmoja alizika matembele yake chini ya mwembe, kwa heshima zote. Lakini polepole, wiki ikivuta wiki, jambo fulani likaanza kutulia ndani yao. Waliokuwa juu ya madawati wakashuka wenyewe. Filimbi ya Mwamshaji ikakosa kazi, na yeye, kwa kuwa alikuwa binadamu, akaomba bakuli.

Siku moja, katikati ya somo la hisabati, Semeni alinyoosha mkono.

"Sita mara saba ni arobaini na mbili," alisema. "Na saba mara sita pia. Kwa nini haijali nani anatangulia?"

Mwalimu wa hisabati aliweka chaki chini, akatoka nje, akajifanya anapenga kamasi.

Mambo yangeendelea hivyo kimya kimya, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Mkaguzi wa Wizara alipokuja Kitopeni alisimama getini akasikiliza, asisikie kitu. Alidhani shule imefungwa. Aliingia darasa la kwanza, akakuta watoto wanasoma. Akaingia la pili, wanasoma. Jasho likaanza kumtoka.

"Toeni ndimi!" alipiga kelele.

Watoto wakatoa.

"Mungu wangu," alinong'ona mkaguzi, akishika ukuta. "Ndimi zina rangi ya ndimi!"

Mwalimu Sikujua alikamatwa adhuhuri hiyo, kwa makosa ya kulisha bila kibali na kusababisha utulivu. Akina mama waliimba nyimbo za kuudhi nyuma ya gari la polisi mpaka barabara kuu. Masufuria yalipelekwa kituoni kama ushahidi, na kunde zilizokuwemo hazikuonekana tena.

*

Waziri aliamua kumhoji mwenyewe, hewani, ili liwe fundisho. Nikafunga mitambo ofisini kwake, ambako juu ya meza palikuwa na sahani ya keki, birika la chai na picha yake akila keki.

"Bi Sikujua," alianza, "unakiri kwamba uliwapa watoto wa taifa hili kunde?"

"Nakiri, Mheshimiwa. Na matembele."

"Matembele!" Waziri alinitazama, kana kwamba ananiomba nishuhudie. "Je, hujui kwamba Biskuti ya Taifa ina kila kitu anachohitaji binadamu?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ndiyo maana naomba kuuliza. Wewe unaila?"

"Mimi? Kila siku!"

"Hiyo hiyo tu?"

"Hiyo hiyo tu!" alisema Waziri, akaisukuma sahani ya keki nyuma ya simu.

"Na waheshimiwa wengine?"

Sasa, Ndulute alikuwa mtu ambaye akishaanza kupanda ngazi hatazami kama imeegemea ukuta. "Baraza zima la Mawaziri!" alisema. "Bunge zima! Kikao hiki cha bajeti, kuanzia kinapofunguliwa mpaka kinapofungwa, hakuna mbunge atakayetia kinywani kitu kingine bungeni ila Biskuti ya Taifa na Sharubati ya Umoja!"

Akasita. Akanitazama. "Tuko hewani?"

"Tuko hewani, Mheshimiwa," nikasema.

Katika nchi hiyo, jambo likishatamkwa redioni limeshatokea. Kilichobaki huwa ni kulitekeleza. Jioni ile ile mkahawa wa Bunge ukafungwa kwa kufuli, na wapishi wakapewa likizo yenye machozi. Mwalimu Sikujua aliachiwa kwa dhamana, akarudi Kitopeni kusubiri kesi, huku watoto wakirudishiwa ndimi zao nyekundu.

*

Siku ya kwanza Bunge lilikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Waheshimiwa walikula biskuti zao mapema, wakanywa, wakacheka, wakaimba wimbo wa taifa mara mbili bila kuombwa. Spika alisema hajawahi kuona mshikamano kama ule.

Kisha furaha ikaongeza mwendo. Mbunge mmoja wa kaskazini aliipanda siwa ya Bunge kama farasi. Mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, alimchora masikio ya punda mjumbe wa mbele yake, na aliyechorwa akaomba mwongozo wa Spika huku analia kwa kwikwi. Waziri wa Ulinzi alimng'ata Naibu wake wakigombea kiti cha dirishani. Spika alipiga rungu lake mezani mpaka likavunjika, kisha akatupa kipande kilichobaki.

Ilipofika saa tano, Waziri wa Fedha alisimama kusoma bajeti. Alisoma vizuri mpaka mahali palipohitaji kujumlisha.

"Jumla yake ni..." alisema. Akahesabu vidole. Akaanza upya. Midomo ikamtetemeka. "Mnanitazama nini?" alifoka. "Kwa nini kila siku mimi? Mnanionea!" Akakaa chini, akafunika uso kwa hotuba.

Nilitangaza kwamba majadiliano yalikuwa ya kina.

Baada ya hapo ukaja usingizi. Siku hiyo, na kila siku iliyofuata, ulikuja ukalichukua Bunge safu kwa safu, chama tawala na upinzani bila ubaguzi. Waziri wa Fedha alilalia bajeti, na udenda wake ukaelekea taratibu kwenye fungu la barabara. Ndulute mwenyewe alikoroma kwa sauti nzito, amekumbatia boksi la biskuti.

Aliyebaki macho alikuwa mmoja tu, mbunge wa Kitopeni, Mzee Kondo Mlekwa. Mzee Kondo alikuwa na kisukari, na daktari wake alikuwa amemwandikia kwa herufi kubwa kwamba akila biskuti ile atakwenda kuzikwa kwa heshima za kiserikali. Kwa hiyo kila siku mkewe alimfungia kunde na samaki wa kuchoma kwenye bakuli lenye mfuniko. Katika miaka yake yote bungeni Mzee Kondo hakuwa amewahi kupewa nafasi ya kusema, maana kila aliposimama alikuta waliosimama kabla yake. Sasa alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyesimama. Akasimama.

"Mheshimiwa Spika!" aliita.

"Mmh," alisema Spika, jicho moja wazi.

"Naomba kutoa hoja. Watoto wote wa shule nchini wapewe chakula cha kweli, kilichopikwa kwenye sufuria, na mama Sikujua Ngwale afutiwe kesi, na hakuna mtoto atakayefutwa shule kwa kusinzia."

Kanuni za Bunge lile ni nzuri sana. Zinasema hoja ikishatolewa, wasioiafiki wasimame.

"Wasioafiki wasimame," alisema Spika kwa shida.

Mzee Kondo alingoja kwa adabu. Mtu mmoja alijigeuza upande wa pili. Waziri Ndulute alitamka neno moja usingizini, nalo lilikuwa "mama".

"Imepita," alisema Spika, akalaza kichwa mezani.

Mzee Kondo alikaa, akafungua bakuli lake, akamalizia samaki.

*

Waheshimiwa walipoamka walikuta sheria ipo, imeshatangazwa redioni, na wananchi wanashangilia barabarani. Haikuwezekana kusema kwamba walikuwa wamelala. Wakasema walikuwa wanatafakari. Bunge likapongezwa kwa kuwajali watoto, mkahawa ukafunguliwa, na kila mmoja akadai hoja ile ilikuwa wazo lake tangu utotoni.

Basi watoto wa nchi ile wakala. Palikuwa na mayai palipo na kuku, samaki palipo na maji, maharage karibu kila mahali. Kitopeni masufuria yalirudi kutoka kituoni yakiwa safi kabisa, na kwenye mlango wa ofisi ya Mwalimu Sikujua yale majina yakabanduliwa. Semeni alibandua la kwake mwenyewe, akalitafuna, akalitema. Mama yake hakuuliza tena habari za kazi ya ndani.

Kwa muhula mzima serikali ilifurahi. Halafu malalamiko yakaanza kufika Wizarani, si kutoka kwa wazazi, bali kutoka wizara nyingine. Watoto walikuwa wanasoma vibao vya miradi. Waziri wa Ujenzi alipokwenda kuzindua daraja, mtoto wa darasa la tatu alimwuliza kwa adabu mto uko wapi. Waziri wa Nishati aliposema umeme utafika kila kijiji mwakani, darasa zima lilimwuliza kama ni mwakani ule wa mwaka jana au ni mwingine. Mkuu wa mkoa mmoja alianza kupitia njia za nyuma asikutane na watoto wanaotoka shule.

"Kasimiri," mawaziri walimwambia Ndulute, "haya ni ya kwako. Watulize watoto wako."

Na shemeji naye alikuwa na biskuti ghala zima, zinaanza kuota ukungu masikioni. Ndipo Waziri akabuni Biskuti ya Taifa, Toleo Jipya, yenye picha yake akiwa na miwani. Akaamua kuizindua Kitopeni, pale pale palipoanzia uasi, hewani, na bendi ya tarumbeta.

*

Tulifika watoto wakiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana. Waziri alikuwa amefungua kinywa kwa keki na soda, na njiani alikuwa ameongeza keki nyingine. Jukwaani alionekana hayuko sawa. Alimfokea dereva kwa ajili ya jua. Akamfokea mpiga tarumbeta kwa kupiga tarumbeta. Karatasi za hotuba zilikuwa zinamtetemekea mkononi, na alipoangusha moja alikanyaga chini kwa mguu, akakaribia kulia.

Semeni alikuwa amechaguliwa kumkabidhi maua. Alipanda jukwaani, akampa, akamtazama usoni kwa makini.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, marahaba. Shuka."

"Mheshimiwa, umekula?"

"Nini?"

"Mimi nilikuwa hivyo hivyo," alisema Semeni. "Nilimng'ata rafiki yangu."

Kabla walinzi hawajaelewa kama hilo ni tishio, mtoto alishashuka, akaenda jikoni, akarudi na bakuli. Ugali, kunde, matembele, dagaa wachache juu. Mwalimu Sikujua alisimama kando na mwiko mkononi. Waziri alilitazama bakuli, akawatazama wananchi, akanitazama mimi na maikrofoni yangu. Kukataa chakula cha mtoto hewani kusingekuwa jambo jepesi. Akakaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakamfika kidevuni, akala.

Alianza kwa kuonja. Kisha akaacha kutazama watu. Bendi ilisubiri, wananchi walisubiri, na nchi nzima redioni ikasikiliza Waziri anatafuna. Alikwangua bakuli, akanywa maji, akakaa kidogo bila kusema, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona tangu nianze kumfuata. Mikono ikaacha kutetemeka. Akasimama, akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Ndugu wananchi. Tunapoelekea kule tulikotoka, hatuna budi kurudi mbele kwa kasi ileile ambayo..."

Akanyamaza. Akairudia sentensi kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akageuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

"Hii maana yake nini?" aliuliza.

Mpiga tarumbeta alishusha tarumbeta.

"Nauliza kweli. 'Biskuti ni msingi wa matofali ya fikra.' Nani kaandika upuuzi huu?"

Msaidizi wake alimsogelea sikioni, lakini maikrofoni yangu ilikuwa nzuri. "Ni wewe, Mheshimiwa. Jana, baada ya keki ya jioni."

Fundi mitambo alipaswa kukata matangazo hapo. Alikuwa kwenye foleni, na bakuli.

Ndulute alikunja hotuba, akaitia mfukoni. Aliwatazama watoto kwa muda mrefu. Nadhani, ingawa si kazi ya mtangazaji kudhani, ilikuwa mara ya kwanza anawaona wakiwa na nyuso. Kisha akashuka, akamfuata Mwalimu Sikujua na bakuli lake tupu.

"Mwalimu, matembele yamebaki?"

"Yamebaki," alisema Mwalimu Sikujua. "Foleni inaishia kule."

Na Waziri wa Watoto, Sukari na Maendeleo ya Fikra akaenda kule, akasimama nyuma ya mtoto wa darasa la kwanza ambaye hakumpisha.

*

Alifutwa kazi kabla wiki haijaisha, kwa kosa la kuelewa ghafla. Sheria ya chakula wameshindwa kuiondoa mpaka leo. Kila wakipanga kuipigia kura, wabunge huulizwa na watoto wao wenyewe mezani, na hakuna aliyepata jibu la kuwapa. Lakini Baraza la Mawaziri halikukaa bure. Lilitoa tamko kwamba kiongozi yeyote haruhusiwi kula chakula cha shule kabla ya kuhutubia taifa.

Tamko hilo lilisomwa na mtangazaji mpya, maana mimi nilifutwa pamoja na Ndulute, kwa kosa la maikrofoni kuwa nzuri. Mimi na Ndulute tulilisikiliza tukiwa jikoni Kitopeni, tunachambua kunde, maana Mwalimu Sikujua hapokei watu wasio na kazi. Ndulute aliinua kichwa, mkono umejaa maganda, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sauti anayo," alisema. "Lakini ile sentensi ya pili haina kitenzi."